Mchezaji uliyempenda alimaliza mkataba akavaa jezi ya mtani: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Mabibo

Habari za jioni wadau. Leo naomba tukae kama watu wa nyumba moja. Yale majina ya kutaniana tunayoitana kila siku, kwenye uzi huu tuyaweke pembeni, maana ninachotaka kusikia ni cha moyoni. Mchezaji uliyempenda mkataba wake ukaisha, akaondoka kama mchezaji huru, pengine akatua kwa mtani, wa Simba akaenda Yanga au wa Yanga akaja Simba. Ulilipokeaje? Naanza mimi.

Mimi ni Simba wa kuzaliwa. Desemba 2018 nilikuwa Uwanja wa Taifa siku Nkana walipokuja, wametoka kutufunga 2-1 kwao Kitwe, Zambia. Tunaongoza 2-1, mechi inaelekea ukingoni, watu wameshaanza kuzungumzia penalti, kiungo wetu Clatous Chama akafunga la tatu. Sikumbuki nilimkumbatia nani. Machi 2019 wakaja AS Vita, tunataka ushindi ili twende robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tena Chama, tena dakika za mwisho, 2-1. Kesho yake nilibeba jezi yangu nyekundu hadi Kariakoo, fundi akanibandikia CHAMA mgongoni na 17 chini yake.

Alipokwenda RS Berkane ya Morocco mwaka 2021 sikuumia sana. Alikwenda kutafuta maisha, na Januari 2022 akarudi. Lakini 2024 mkataba uliisha, na tarehe 1 Julai nikaona picha yake kwenye simu kavaa ya Yanga. Nilikuwa kwenye daladala. Konda alinidai nauli mara tatu simsikii, mpaka mama niliyekaa naye akanigusa bega.

Jioni ile nikaamua kulitoa jina. Nikaweka kitambaa juu ya herufi, nikapitisha pasi ya moto, gundi ikalegea, nikazibandua moja moja kwa ncha ya wembe. Sasa sikilizeni. Jezi ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni ya miaka mitano, ila chini ya herufi kitambaa kilikuwa bado kipya. Nilipomaliza kubandua, jina lilikuwa pale pale, CHAMA, kwa wekundu uliokolea kuliko jezi nzima.

Ipo kabatini hadi leo. Yeye simlaumu, mkataba uliisha na alikuwa huru. Lakini najua siko peke yangu. Karibuni.

Mwananchi wa Ubungo

Mkuu, mimi ni wa Jangwani, Yanga damu, ila kwa hili nakuelewa kabisa. Wangu ni Mayele, mshambuliaji wetu wa zamani. Alipokwenda Pyramids ya Misri mwaka 2023, tumetoka kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho, niliona msimu ujao ni giza tupu. Nafuu yangu ni kwamba alikwenda mbali, sikulazimika kumwona akitufunga. Juni 2025 alipofunga Cairo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Mamelodi Sundowns, nilisimama sebuleni tukatetema, ule mtindo wake wa kushangilia bao, pamoja na mwanangu wa miaka sita. Yule mtoto alijua kutetema kabla hajajua kuhesabu hadi kumi.

Dada wa Nyamagana

Mimi huwa nasoma tu, ila leo naandika.

Wangu ni aliyekuwa nahodha wetu Simba, beki wa kushoto Mohamed Hussein, Zimbwe Jr, wengi mnamwita Tshabalala. Alikuja Simba 2014 akitokea Kagera Sugar, mimi niko kidato cha pili. Nikamaliza shule, nikamaliza chuo, nikaolewa, nikapata mtoto, na muda wote huo nikiwasha TV kushoto namkuta yule yule. Kuna ndugu zangu wa damu ambao sijawaona mara nyingi kama nilivyomwona yeye.

Mei 2025 tulicheza na RS Berkane fainali ya Kombe la Shirikisho. Kwao tulifungwa 2-0, marudiano yakawa Amaan, Unguja. Nilipanda basi Mwanza hadi Dar usiku na mchana, nikapumzika kwa shangazi Temeke, asubuhi nikavuka na boti. Iliisha 1-1, kombe likaenda Morocco. Watu wakaanza kutoka. Mimi nilibaki nimekaa nikimtazama nahodha mpaka alipoingia ndani. Sikujua kwamba naaga.

Kabla msimu mpya haujaanza akawa Yanga.

Kinachoniuma sana siyo kuondoka. Kinachoniuma ni jinsi mkataba unavyoisha: ligi imekwisha, watu wako mapumziko, halafu unamuaga mtu wa miaka kumi na moja kwa picha kwenye simu. Hakuna mechi ya mwisho uwanjani ambayo unajua kuwa ni ya mwisho. Mimi ningepewa nafasi ya kusema, klabu zetu zote zingekuwa na utaratibu wa kumwalika mchezaji aliyemaliza miaka kumi aje kuagwa na mashabiki kwenye ile siku ya kuzindua msimu, Simba Day au Siku ya Mwananchi, hata kama ameshasaini kwingine. Apite, tumpigie makofi, aende zake. Ningelala.

Mnazi wa K'Ogalo, Nairobi

Ndugu zetu wa Bongo, na sisi wa Gor Mahia huku tuna yetu. Juni 2018 nilikuwa Nakuru, Uwanja wa Afraha, fainali ya SportPesa Super Cup. Gor Mahia 2, Simba 0. Mshambuliaji wetu Kagere alifunga moja, Tuyisenge akafunga lingine. Tuliimba njia yote hadi Nairobi. Kwa gari hakuna mtu alinyamaza. Mwezi haujaisha, tunasikia Kagere ameenda kwa hao hao Simba tuliowafunga. Akawa mfungaji bora wa ligi yenu misimu miwili mfululizo. Novemba mwaka huo huo Gor ilienda kucheza na Everton kule Goodison Park, na mimi nikiangalia nilikuwa nawaza tu angekuwepo. Nilimuombea mema, lakini hiyo siku ya Nakuru siwezi kuikumbuka bila kuskia uchungu kidogo. Ni kama harusi ambayo bibi harusi aliondoka wiki iliyofuata.

Mgeni wa mambo haya

Samahani wakubwa, nauliza. Kwa nini klabu isimzuie tu?

Mwanzisha uzi, Mabibo

Ndugu, mkataba ukiisha hakuna cha kuzuia. Na kwa kanuni za FIFA, mchezaji akibakiza miezi 6 au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya baadaye, sharti klabu yake ijulishwe kwa maandishi. Maana yake mkataba wa kuisha 30 Juni, kuanzia Januari mlango uko wazi. Sisi mashabiki tunaanza kulia Julai wakati jambo lilishaiva Februari. Klabu isiyotaka kumpoteza mtu inakaa naye mezani akiwa amebakiza mwaka mzima, na ikishindwana naye, imuuze wakati bado ana bei. Siku hizi nikimpenda mchezaji mpya, kitu cha kwanza ninachouliza ni mkataba wake unaisha lini.

Mzee wa ndondo, Morogoro

Nimesoma yote. Naomba niwaeleze upande ambao mashabiki hamuuoni, maana mimi niliwahi kuwa huyo mchezaji huru.

Nilicheza timu ya daraja la chini, jina naliacha. Kiungo mkabaji. Mkataba wa msimu mmoja, karatasi mbili, nilisaini juu ya boneti ya gari na nakala yangu sikupewa. Niliambiwa nitaipata kesho. Mwezi Aprili, mazoezini, mwenzangu aliteleza akaja na mguu wote, goti likageukia ndani. Nilisikia mlio kama wa kijiti kinavunjika. Klabu ililipa picha ya kwanza hospitalini, baada ya hapo kiongozi akaniambia pumzika kwanza. Juni mkataba ukaisha nikiwa bado napumzika.

Kwa nyota kama Aziz Ki, kwa Chama, neno mchezaji huru ni neno tamu. Klabu mpya hailipi ada ya uhamisho, kwa hiyo ile fedha ambayo ingekwenda kwa klabu ya zamani sehemu yake inaingia mfukoni mwa mchezaji, na anachagua. Kwa mtu kama mimi kuwa huru ilikuwa ni kukaa na simu. Kila ikilia nilikuwa nadhani ni kocha. Ni mama mwenye nyumba.

Fedha ya mtaalamu wa viungo sikuwa nayo. Nilichukua dumu la mafuta la lita tano, nikalijaza mchanga nusu, nikafunga mpini wake na kipande cha kanga ya mke wangu, nikajifunga kifundoni. Nakaa ukingoni mwa kitanda, nanyoosha mguu mara kumi, napumzika, mara kumi tena. Wiki ya kwanza sikuweza kuuinua. Wiki ya tatu nikawa nauinua nusu. Viatu nilivifunga kwenye gazeti nikaviweka chini ya kitanda, na kila Jumapili nilivitoa nikavipaka mafuta ili ngozi isipasuke. Mke wangu alikuwa ananitazama hasemi kitu. Alijua nikiacha kuvipaka ndiyo basi tena.

Dirisha dogo, ule usajili wa katikati ya msimu, nilikwenda majaribio sehemu mbili. Wote swali la kwanza ni goti. Nikarudi mchangani, nikacheza ndondo, zile mechi za mtaani, unalipwa kwa mechi, siku nyingine fedha ya nauli na chakula tu. Nimecheza hivyo misimu minne na nimelea watoto wawili. Sasa hivi nafundisha vijana hapa mtaani, na kijana wangu yeyote akiitwa na timu, mkataba wake nausoma mimi kwanza. Nauliza vitu vitatu: nakala yake iko wapi, akiumia nani anamtibu, na mkataba ukiisha akiwa majeruhi inakuwaje. Viongozi wengine hawanipendi kwa hilo.

Kwa hiyo nikiona mchezaji amemaliza mkataba akaenda anakolipwa zaidi, hata kama ni kwa mtani, mimi namwombea dua. Ana miaka kumi ya kufanya kazi hii, na goti ni kitu chembamba.

Dada wa Nyamagana

Kaka yangu, pole sana. Hiyo kanga imenitoa machozi. Mpe shemeji salamu zangu.

Mwananchi wa Ubungo

Mzee shikamoo. Umenifanya niwaze tofauti.

Mtoto wa Michenzani, Unguja

Naomba niongezee la Fei Toto, yaani Feisal Salum, aliyekuwa kiungo wa Yanga, maana kwetu lilikuwa jambo la familia. Baba yangu ni Yanga tangu enzi za redio, na kijana wa Unguja kuvaa namba 6 ya Yanga ilikuwa fahari ya barza nzima. Desemba 2022 akaaga, wakati mkataba bado unaendelea. Kamati ya TFF, shirikisho la mpira, ikasema yeye bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita hachezi. Baba alikuwa hataki tena kuzungumza mpira, tukizima redio anashukuru. Hadi Juni 2023, Rais Samia alipowaomba Yanga walimalize, akauzwa Azam.

Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ligi nzima, Aziz Ki wa Yanga peke yake ndiye aliyempita kwa 21. Baba aliyahesabu yote. Kila Fei akifunga alikuwa anasema "mwanetu huyo," halafu anakaa kimya, maana Azam siyo timu yake. Nimejifunza kwa baba kwamba unaweza kubaki na timu yako na mtu wako, kila mmoja mahali pake, na moyo ukavibeba vyote.

Tofauti yake na Chama na Zimbwe ni hiyo: wao walisubiri tarehe ifike. Kwangu mimi aliyesubiri tarehe hana deni kwa mtu.

Fundi wa jezi, Kariakoo

Wakuu, mimi ndiye ninayebandika hayo majina, kwa hiyo nawajua nyote kwa sura. Kila Julai wanakuja watu na jezi kwenye mfuko wa nailoni, hawaitoi mpaka wateja wengine waondoke. Wanataka jina litolewe. Mimi huwa nawaambia ukweli: nikiirudisha kwenye mashine, herufi zitatoka, lakini kitambaa chepesi kinaungua kirahisi, na alama haitoki. Kama ndugu wa Mabibo alivyoona. Kinachoweza kufanyika ni kubandika jina lingine juu, na lazima liwe refu kuliko la kwanza.

Mwaka 2025 wakati wa hili la Zimbwe alikuja baba mmoja wa makamo na jezi yake namba 15. Nikamuuliza nitoe? Akasema hapana, herufi moja imelegea, nibandike vizuri. Nilimbandikia bure.

Mwanzisha uzi, Mabibo

Fundi, kesho saa nne asubuhi utakuwepo? Nakuja na yangu. Nataka unirudishie CHAMA na 17, pale pale kwenye alama zake.

Fundi wa jezi, Kariakoo

Nipo. Ije imefuliwa na kukauka vizuri, unyevu unaharibu gundi.