Nina siku sita za likizo, nataka kutoka Dodoma bila ratiba yoyote, inawezekana?

Kijana wa Chang'ombe
Habari zenu wakuu. Mi naishi hapa Dodoma mwaka wa nne sasa, kazini nyumbani, kazini nyumbani, nchi naijua kwa dirisha la basi la Dar tu. Mwezi huu wa saba nimepata likizo siku sita, nataka nibebe begi moja niende stendi nipande gari linaloelekea kaskazini, nikipapenda mahali nashuka nalala, kesho yake naendelea. Kaka yangu anasema huko ni kutafuta matatizo, mtu mzima hatoki nyumbani hajui atalala wapi. Kuna aliyewahi kusafiri hivi huku kwetu kanda ya kati? Nina laki tatu na nusu.

Mpita Njia
Nenda mkuu. Mi nilifanya hivyo mwaka juzi na barabara hiyo ndo inafaa kabisa, Dodoma mpaka Babati ni kilomita 251, tangu lami ifunguliwe 2018 magari yanapita muda wote kwa hiyo ukishuka katikati hukwami. Nilikata tiketi ya Babati moja kwa moja, tumeshapita Kondoa tunakaribia Kolo mama niliyekaa nae siti moja akaniuliza, mwanangu michoro ya mapangoni umeshaiona? Nikamwambia kwenye kitabu cha shule tu. Akasema basi shuka, sisi wenyeji tunapita kila wiki na hatushuki. Nikamwambia konda anishushie begi, nauli ya mbele ikaishia hapo na wala sikuisikitikia.

Pale Kolo unaenda ofisi ya mambo ya kale, unalipa kiingilio, wanakupa mtu wa kukuongoza, mnapanda boda mpaka chini ya mlima alafu kwa miguu. Ni michoro myekundu juu ya mwamba, watu warefu wembamba, wanyama, imekaa hapo maelfu ya miaka na UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2006. Kilichonigusa zaidi ni kwamba wenyeji mpaka leo wanafanya matambiko huko juu, yule kiongozi alishusha sauti tulipofika na mi nikashusha. Ukigeuka nyuma unaona nyika mpaka macho yanachoka. Nilikaa masaa mawili, ningekuwa na ratiba ningekaa dakika ishirini.

Dada wa Vitenge
Mi nasafiri peke yangu kibiashara, Kondoa, Babati, Singida, miaka mingi. Kukosa ratiba sio tatizo kaka yangu ila saa uwe nayo. Ikifika saa tisa alasiri uwe umeshuka mahali penye gesti, maana jua likiwa juu unaomba uone chumba kwanza, unaangalia komeo, unafungua bomba uone maji, hapajakufaa unaenda ya pili. Ukifika saa mbili usiku unachukua chochote na boda ndo anakuchagulia. Kitambulisho usisahau, wanaandika kwenye kitabu jina lako, utokako na uendako. Hela igawe, nyingine kwenye simu nyingine mfukoni, usiweke yote begini. Alafu kila jioni mtumie kaka yako jina la gesti, nae ana haki ya kulala usingizi.

Mkazi wa Katesh
Naongezea moja tu, ukifika huku kwetu Katesh, kati ya Babati na Singida, mlima Hanang sio wa kupanda kwa kuamua asubuhi hiyo hiyo. Ni mita zaidi ya 3,400, unataka kibali na kiongozi, mnaanza alfajiri, maji mnabeba. Disemba 2023 tulipoteza ndugu zetu kwa tope lililoshuka toka mlimani, kwa hiyo wakati wa mvua watu wanaogopa na wana sababu. Mwezi wa saba kukavu ila baridi kali, sweta zito, usitegemee hali ya hewa ya Dodoma.

Kijana wa Chang'ombe
Wakuu nawaandikia nikiwa Kondoa, siku ya nne leo. Kolo nimefika, dada wa vitenge saa tisa yako imeniokoa mara mbili. Jana kuna mzee nilikunywa nae chai mgahawani akaniambia twende Haubi nikaone kwao, tumepanda boda wawili, vilima na makorongo ambayo sijawahi kuona, akanieleza 1979 serikali iliamuru mifugo yote itolewe eneo lile kupitia mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu udongo ulikuwa unaisha, yeye alikuwa kijana na baba yake alilia akiswaga ng'ombe. Sa hivi miti imerudi. Ametuwekea ugali kwa kuku wa kienyeji na hela amekataa kabisa, nimemwachia sukari kilo mbili.

Kitabu cha gesti nimeandika naenda Babati siku tatu mfululizo na bado sijaondoka hapa. Zimebaki siku mbili, nirudi Dodoma kupitia Singida au muda hautoshi? Mwenye kujua haisi za Babati kwenda Singida zinaondoka saa ngapi aniambie usiku huu.