Mipopoo ekari moja: nipande mitupu au nichanganye?

MkulimaMpya: Wakuu, habari za shamba. Nina ekari moja, udongo wake mzuri, ila mvua zikikolea maji husimama upande wa bondeni. Nataka kupanda mipopoo mitupu, ile miti izaayo popoo za kutafuna na tambuu, maana nasikia ikishashika huzaa miaka mingi. Mnanishauri nini? Na huo ugonjwa wa kuoza popoo unazuiwaje?

BabuPopoo: Mwanangu, mitupu hapana, nakusihi. Mpopoo hukungojesha miaka 5 hadi 7 kabla ya mavuno ya maana, na nyumba lazima ile. Panda mita 2.7 kila upande, ekari itabeba miche kama 550. Katikati tia migomba mapema: utapata ndizi, na miche itapata kivuli. Jua la alasiri likipiga shina mfululizo, gamba hupasuka, na mti wa hivyo upepo ukija unavunjika. Kwa hiyo upande wa machweo weka miti ya kukinga.

Mashina yakirefuka, pandishia pilipili manga. Kakao nayo hustahimili kivuli chake. Wakulima wa Karnataka, India, nchi inayoongoza duniani kwa popoo, huchanganya hivyo. Bei ya popoo ikianguka, pilipili hulipa vibarua.

Bondeni usiweke hata mche mmoja kabla ya kuchimba mitaro. Mpopoo unataka maji, lakini yakituama mizizi hufa.

Mrututu: Kuoza huko kunatokana na Phytophthora, kimelea kinachofanana na kuvu. Popoo changa hupata madoa ya majimaji karibu na kikonyo, kisha hudondoka. Dawa yake: mrututu (salfeti ya shaba) kilo 1, chokaa kilo 1, maji lita 100. Yeyusha kila kimoja kwenye pipa lake la plastiki, halafu mimina mrututu ndani ya chokaa. Nyunyizia vichala kabla mvua hazijaanza, rudia baada ya siku 40 hadi 45. Zilizodondoka okota, choma.

MkulimaMpya: Asanteni sana. Na soko, babu?

BabuPopoo: Wanunuzi wapo, watafunaji wa tambuu ni wengi. Lakini mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapisha tathmini kwamba popoo, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nyingine ya kukukataza kuitegemea peke yake. Watoto wasizoeshwe kuitafuna.

Ukiamua kuotesha, chuma popoo zilizoiva kabisa kwenye miti iliyokomaa, zitie majini, chagua zinazoelea wima kikonyo juu.