E10 kwenye injini ya kabureta

Wakuu, pikipiki ya kabureta tangu ijazwe E10 (petroli yenye ethanoli 10%) inasumbua kuwaka asubuhi na inamisi ukiifungulia. Oktani ni ileile 95. Tatizo nini?

JIBU
Oktani iache, hiyo ni habari ya injini kugonga. Ethanoli inakuja na oksijeni yake. Petroli tupu hutaka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, E10 hutaka kama 14.1. Kabureta haina sensa ya kujirekebisha, basi mafuta yanapungua kwenye mchanganyiko. Panda jeti kuu (kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta) saizi moja, kisha chomoa plagi uitazame: nyeupe, bado mafuta hayatoshi, kahawia hafifu, acha hapo.

JIBU
Mkuu, usikimbilie jeti. Chukua chupa yenye vipimo, petroli mililita 90, maji 10, tikisa, acha itulie. Tabaka la chini likizidi 10, ethanoli imo. Pia fungua skrubu ya chini ya kabureta, umwage petroli kwenye glasi uone kama kuna maji chini. E10 hubeba maji takriban 0.5% tu, yakizidi, ethanoli hushuka nayo chini ya tangi, na mpira wa mafuta unanyonya huko huko.

MWULIZAJI
Na ulaji wa mafuta?

JIBU
Utaongezeka kama 3%. Hilo halina dawa.