Naomba ushauri: kikundi cha walioacha pombe hapa Mwanza

Habari zenu wakuu.

Namtafutia kaka yangu kikundi cha watu walioacha pombe, wanaokutana ana kwa ana. Tuko Nyegezi, ila hata Ilemela atakwenda.

Amekunywa tangu enzi za viroba, kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017, kisha akahamia gongo. Alipoamua kuacha tulianzia hospitali, maana mnywaji wa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa. Hapo alihudumiwa vizuri. Shida ni jioni. Wenzake wote wako kilabuni, na sisi wa nyumbani tunampenda lakini hatujui hiyo kiu inavyomsumbua. Anahitaji mtu aliyeipitia.

Nimesoma kuhusu Alcoholics Anonymous, iliyoanza Marekani mwaka 1935: hakuna ada, mtu halazimiki kutaja jina lake kamili, sharti pekee ni nia ya kuacha. Ndicho anachokitaka. Ila ni Mwislamu, na anahofia akikuta mkutano uko kwenye ukumbi wa kanisa atajiona mgeni. Wenye uzoefu, hilo likoje? Nyumba za kupata nafuu za Zanzibar (sober house), ambako wanaoacha ulevi hukaa pamoja, nazisikia, lakini ana watoto na cherehani yake ndiyo inayowalisha, hawezi kwenda kulala huko miezi.

Kama Mwanza hakuna kikundi, walioanzisha vyao wanieleze: mlianzaje mkiwa wawili watatu, na mlikutania wapi?