Muziki wa madijei wa zamani: ni sauti iliyobadilika au ni masikio yangu?

Kanda ya Kondele (Kisumu) anauliza:

Hamjambo wanabaraza. Juma lililopita nilikuwa nikipanga upya stoo ya nyumbani kwetu Kondele nikakuta kanda ya dakika 90 ambayo mimi na kaka yangu tuliirekodi kutoka redioni mwaka 2001, usiku wa Jumamosi, katika kipindi cha muziki wa kielektroniki ambao wazee wetu waliuita kelele za kinu cha posho. Niliiweka kwenye redio kaseti ya jirani, nikaketi, na kwa dakika zote 45 za upande wa kwanza sikunyanyuka. Nyimbo ziliingiana taratibu kiasi kwamba sikuweza kusema huu umeishia wapi na ule umeanzia wapi: kwanza ngoma tupu, kisha besi, kisha kinanda kikijitokeza kwa mbali kama taa za wavuvi wa omena zinavyojitokeza ziwani, moja moja, mpaka ghafla unaona ziwa zima limewaka.

Baadaye nilifungua simu nikasikiliza kazi za karibuni za madijei walewale. Tiësto, kwa mfano, ndiye aliyepiga muziki wakati wanariadha walipokuwa wakiingia uwanjani katika ufunguzi wa Olimpiki ya Athens mwaka 2004, na wakati huo alijulikana kwa transi, tawi la muziki huo wa kielektroniki, ndefu isiyo na haraka. Tangu albamu yake ya mwaka 2009, iliyojaa waimbaji wa kualikwa, nasikia mtu mwingine kabisa: wimbo unakimbilia pale mdundo unapoangushwa, yaani unaponyamazishwa kidogo kisha kurudi kwa nguvu, unaangusha mara mbili, na kabla ya dakika ya tatu umekwisha. Je, ni kitu gani hasa kilichobadilika katika utengenezaji wenyewe, au ni umri wangu unaosema? Tena kanda yenyewe imeanza kutoa sauti hafifu, kama imefunikwa blanketi. Mwenye ujuzi anisaidie.

Fundi wa Sahani Mbili (Nakuru) anajibu:

Ndugu, masikio yako ni mazima. Nilipiga muziki katika klabu moja hapa Nakuru kuanzia mwaka 1998 hadi 2006, tukitumia mashine mbili za santuri aina ya Technics SL-1200, kwa hiyo nitalieleza jambo hili kutoka nyuma ya meza.

Santuri ya hausi, tawi jingine la muziki huo wa klabu, au ya transi haikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyeketi sebuleni, bali kwa ajili ya dijei atakayeiunganisha na nyingine, na ndiyo maana ilianza kwa ngoma tupu ikamalizika kwa ngoma tupu. Piga hesabu: wimbo wenye mapigo 128 kwa dakika, wenye utangulizi wa baa 32 za mapigo manne manne, unakula dakika moja kamili kabla ya kinanda kuingia. Dakika hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Sikio moja lilikuwa kwenye hedifoni likisikiliza santuri inayokuja, la pili likisikiliza ukumbi, na kidole kikisukuma kitelezi cha kasi ambacho hakikuruhusu zaidi ya asilimia 8 juu au chini. Nikikosea, ngoma mbili ziligongana kama kwato za punda wawili wa mkokoteni kwenye lami, na ukumbi wote uligeuka kunitazama.

Leo kompyuta hulinganisha mapigo yenyewe, na sisemi kwamba hilo ni dhambi, maana nami ningeifurahia sana usiku ule nilipokuwa na homa. Kilichoua utangulizi, kwa maoni yangu, ni namna wimbo unavyolipwa. Kwenye Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukifikisha sekunde 30. Katika kasi niliyotaja, hizo ni baa 16, yaani nusu tu ya utangulizi wa zamani. Mtengenezaji anajua kwamba akikupa ngoma tupu kwa dakika nzima utakuwa umeshahamia kwa mwingine, kwa hiyo anamweka mwimbaji mlangoni kabisa. Halafu sauti yote hubanwa ili isikike kwa nguvu ileile hata kwenye spika ndogo ya simu, na pale palipopaswa kunyamaza hapanyamazi tena, sasa mdundo unaporudi unarudi kutoka wapi? Hiyo ndiyo sababu unaona wanaangusha mdundo lakini moyo wako hauanguki nao.

Ongeza pia muda wa jukwaani. Frankie Knuckles, dijei mwasisi wa hausi aliyeanza kupiga katika klabu ya Warehouse mjini Chicago mwaka 1977, alikuwa na usiku mzima wa kuwapandisha watu na kuwashusha. Kwenye tamasha kubwa la leo dijei hupewa saa moja au moja na nusu, huku fataki na taa zikimsubiri. Hawezi kutumia dakika ishirini kutengeneza hali ya hewa.

Binti wa Nyalenda (Kisumu) anajibu:

Kaka zangu, niruhusuni nipinge kidogo. Mimi nilizaliwa mwaka uleule wa hiyo kanda, na naona mnalinganisha vitu visivyolingana. Kanda hiyo ilibaki kwa sababu ilikuwa nzuri. Zile za Jumamosi mbovu mlirekodi mahubiri juu yake.

Tena mwendo wa polepole mnaoulilia haujafa, umehamia Afrika Kusini. Wimbo wa amapiano huweza kufika dakika sita au saba, kwa mapigo kama 112 kwa dakika, na utangoja sana kabla ile besi nzito ya kugonga haijaingia. Tatizo ni jinsi unavyopigwa hapa kwetu. Jumamosi iliyopita, katika baa moja ya mjini, nilitazama saa ya simu: wimbo wa dakika saba ulipewa sekunde 50, mpambe wa dijei, yule mwenye kipaza sauti, akipiga kelele juu yake kuisalimu meza iliyonunua chupa, kisha ukakatwa pale besi ilipokuwa ikiingia. Hilo halikufanywa na Spotify wala na Tiësto. Anayetaka kuona watu wakivumilia muziki wa mashine hadi alfajiri avuke mpaka pale Busia aende Jinja wakati wa tamasha la Nyege Nyege, ambalo limekuwepo tangu mwaka 2015.

Mwalimu Mstaafu (Siaya) anajibu:

Mimi ni mtu wa benga, lakini nimewasoma kwa furaha. Nyimbo nyingi za benga za miaka ya 1970 zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na kwa kuwa upande mmoja haukutosha, wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza huku, ya pili nyuma. Kwanza mwimbaji alimsifu mtu wake bila haraka, halafu magitaa yakaachiwa uwanja yakimbizane na besi, na hapo ndipo wageni walipoacha chakula. Wanangu walipoleta muziki huo wa mashine nyumbani sikuupenda, ila nilielewa mara moja walichokuwa wakikingojea.

Jambo la kando: mwaka 2004 mtaa mmoja wa Chicago ulipewa jina la huyo Knuckles, na miongoni mwa waliosaidia alikuwa seneta wa jimbo, Barack Obama, ambaye baba yake ni wa Kogelo. Basi hata hausi tuna hisa ndani yake.

Fundi wa Sahani Mbili anajibu tena:

Dada, kuhusu mpambe sina la kujitetea. Nami niliwahi kuwa naye.

Ndugu wa Kondele, usiicheze kanda hiyo tena kabla ya kusafisha kichwa cha redio, kile chuma kinachogusa kanda, kwa pamba na spiriti. Izungushe mbele hadi mwisho kisha uirudishe nyuma, ili ilegee. Kama sauti bado ni ya blanketi, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Igeuze polepole sana, robo ya mzunguko haifiki, mpaka matoazi yasikike wazi. Kisha pitisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta na urekodi pande zote mbili bila kukata chochote.

Kanda ya Kondele anajibu:

Asanteni nyote. Ilikuwa ni hiyo skrubu. Nimemaliza kurekodi leo asubuhi, na nimegundua kitu nilichokuwa nimesahau: upande wa pili, dakika ya 31, umeme ulikatika mtaani tukiwa tunarekodi. Mota ilipokuwa ikipunguza mwendo, kanda ilinasa muziki ukipanda juu, juu zaidi, mpaka ukawa kama mbu. Kisha papo hapo wimbo mwingine kabisa unashuka kutoka hukohuko juu, kwa kuwa umeme uliporudi kitufe kilikuwa bado kimebonyezwa. Nilimpigia kaka, ambaye sasa anaishi Eldoret, nikamsikilizisha kipande hicho bila kumwambia ni nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo ndipo Mama alipowasha koroboi."