Kodi ya majengo Texas: wabunge wameelewana, mpangaji kapata nini?

Mleta mada: Wakuu, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo shule zinategemea sana kodi ya majengo. Mwaka 2023 jimbo lilikuwa na ziada ya bajeti ya zaidi ya dola bilioni 32, na Warepublican wakavutana wao kwa wao. Gavana Abbott na Phelan, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, walitaka jimbo libebe gharama zaidi za shule ili kiwango cha kodi kishuke kwa majengo yote. Dan Patrick, kiongozi wa Seneti, akang'ang'ania nafuu ya anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe. Baada ya vikao maalumu viwili ndipo wakachanganya yote: kiwango kikashuka, na msamaha wa anayeishi kwenye nyumba yake, yaani sehemu ya thamani isiyotozwa kodi ya shule, ukapanda kutoka dola 40,000 hadi 100,000. Wademocrat waliomba mpangaji naye arudishiwe kitu na walimu waongezwe mshahara. Wakanyimwa, halafu wengi wao wakapiga kura ya ndiyo! Mimi nauita muafaka wa wenye hati za nyumba.

Mwenye nyumba, Fort Worth: Napinga. Kwa msamaha ule wa 2023, nyumba ya thamani ya 300,000 ikawa inatozwa kodi ya shule kwenye 200,000 tu. Bili ya Januari ilikuwa inaninyima usingizi. Wananchi wenyewe waliupitisha Novemba ile kwa asilimia 83. Na hao Wademocrat ungetaka wagome? Wangeambiwa wamewanyima watu nafuu.

Mpangaji, Houston: Kaka, kiwango kilishuka hata kwa mwenye apatimenti yangu. Pango likapanda dola 90. Nafuu yangu imekwama wapi?

Mwenye nyumba, Fort Worth: Bila hiyo nafuu labda lingepanda 150.

Mpangaji, Houston: "Labda" siwezi kumpelekea mwenye apatimenti tarehe 1.

Mhasibu: Mnasahau kipengele kimoja. Waliweka pia ukomo, tena wa kipindi tu: thamani ya majengo mengine isikadiriwe kupanda zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka, ila ni kwa majengo yasiyozidi dola milioni 5. Apatimenti kubwa hazimo humo. Mwaka 2025 msamaha ukafika 140,000, wazee 200,000, na mpangaji hakutajwa tena. Pengo la shule linazibwa na hazina ya jimbo, ambayo mapato yake makubwa ni kodi ya mauzo. Hiyo mpangaji analipa kila akinunua viatu.

Mwenye nyumba, Fort Worth: Hapo kwenye viatu umenishika. Ila msamaha wangu siurudishi.