Nyumba ya Buswelu ina rehani na deni limezidi bei. Ninunue au nisubiri mnada?

Kijana wa Igoma:
Wakuu, habari za jioni. Kuna mzee anauza nyumba Buswelu, vyumba vitatu, ina fensi na kisima. Hati ipo, ila iko benki. Alikopa kipindi biashara ya sangara inamlipa, mzigo ukapungua, marejesho yakamshinda. Deni na riba limefika milioni 92. Anauza milioni 70, na kwa jinsi nilivyoulizia majirani hiyo ndiyo bei halali ya pale. Benki wameshampa notisi. Dalali ananisukuma nimkabidhi mzee hela, eti "yeye atajuana na benki yake". Inawezekana kweli? Au nisubiri mnada niipate kwa bei ya chini?

Kasia Moja:
Milioni 70 mkononi mwa mtu anayedaiwa 92? Dalali anawaza cha juu chake tu. Kimbia mkuu.

Mstaafu Pasiansi:
Asikimbie. Ila hela asimpe mzee.

Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi hapa Mwanza, nyumba za namna hii zimepita sana mezani kwangu. Mwanangu, rehani imesajiliwa kwenye hati. Ukimlipa mzee leo bila benki kujua, kesho benki inaiuza nyumba hiyo hiyo na wewe ukiwa sebuleni.

Kuuza chini ya deni kunawezekana, benki ikikubali kwa maandishi. Hakuna wa kuilazimisha, lakini ina sababu zake. Mkopo chechefu, yaani usiolipwa kwa wakati, unaichafulia vitabu, na mnada una gharama: dalali, matangazo, mthamini, halafu mdaiwa anakimbilia mahakamani kuomba zuio na nyumba inakaa inaota majani. Kwa hiyo mzee aandike barua kuomba auze mwenyewe, aambatanishe ofa yako na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Tawi halina ubavu wa kuamua, faili litakwenda Dar. Utasubiri, na simu za "kesho njoo" utazizoea.

Majibu yakija, soma taratibu. Barua ikisema benki "itapokea milioni 70 kupunguza deni", bado hujanunua kitu. Hela yako itaingia, deni litabaki milioni 22, na rehani itabaki palepale. Unachotaka ni barua inayosema wakipokea milioni 70 kwenye akaunti ya mkopo kabla ya tarehe fulani, wanafuta rehani na kuachia hati. Ile 22 ni ya mzee na benki: wamsamehe au wamwandikie mkopo mwingine, mradi isining'inie kwenye nyumba yako. Mwanasheria wako aandae mkataba wa pande tatu, na hela uilipe wewe mwenyewe kwenye akaunti ya mkopo.

Kingine ambacho watu hawakiwazi: milioni 70 yote ikienda benki, kodi ya ongezeko la mtaji inalipwa na nani? Kisheria ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kama ipo, na bila kuimaliza TRA uhamisho haupiti. Mzee hana kitu. Ama benki ikubali ikatwe kwenye bei, ama ubebe wewe ukijua. Ongeza ushuru wa stempu asilimia 1, na kodi ya pango la ardhi kama ina malimbikizo. Kabla ya yote, fanya upekuzi ofisi ya ardhi uone kama hakuna rehani ya pili au zuio.

Mnada nao una yake. Sheria ya Ardhi inampa mdaiwa notisi ya siku 60, kisha tangazo la mnada lisilopungua siku 14. Ukishinda, kwa kawaida unatoa robo ya bei palepale. Ukiipata kwa bei ya kutupa, iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhania benki haikutafuta bei nzuri, na mzee ana pa kuanzia kesi. Mnunuzi wa nia njema analindwa, sawa, ila ulinzi huo utakwenda kuuhangaikia kwenye mabenchi ya mahakama huku mzee bado anakaa ndani.

Mzawa wa Sengerema:
Niko Houston, huku mauzo ya hivi ni jambo la kawaida, yalifurika baada ya mtikisiko wa 2008. Mwenye nyumba anaithibitishia benki kwamba kazidiwa, mnunuzi anatoa ofa, na benki ndiyo inakubali au kukataa. Kusubiri kunaweza kuchukua miezi. Kama kuna mkopeshaji wa pili, naye lazima aridhie. Nyumba unaichukua kama ilivyo, bomba likivuja ni lako. Mpeleke fundi kwanza.

Kijana wa Igoma:
Shukrani sana mzee wangu. Moja tu: ana wake wawili. Mdogo ndiye anaishi Buswelu, na dalali anasema sahihi ya mkubwa inatosha.

Mstaafu Pasiansi:
Huyo dalali ananiogopesha. Anayeishi humo ndiye wa kwanza kuulizwa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Mkubwa naye asaini, usimwachie mlango. Nenda Buswelu mwenyewe, dalali abaki mjini, ongea na huyo mama mbele ya mumewe. Akisita, usilipie hata mthamini.